Mpya Kutoka Kwenye Boksi, Mbona Inachelewa Kuwaka?

"Nimeinunua wiki iliyopita, hata nailoni sijaibandua yote, lakini nikiiwasha naweza kwenda kuchemsha chai nikarudi haijawa tayari. Ile kuukuu ya ofisini inaishinda. Kulikoni?"

Mafundi wa kompyuta hulisikia swali hili kila mara, na anayeliuliza huwa na uchungu wa haki: pesa imetoka, mashine ni mpya, na kero imeanza siku ya kwanza. Majibu anayopewa mtaani huwa mawili. La kwanza ni kwamba ina virusi. La pili ni "ilete tuipige Windows," maana yake ifutwe kila kitu na kusakinishwa upya. Kwa laptopu ya wiki moja, yote mawili ni majibu ya haraka mno. Mara nyingi sababu inaonekana kwa macho ndani ya dakika kumi, bila bisibisi na bila kumlipa mtu, ila ni lazima ujue kwanza inachelewa wapi.

Sura hii inazungumzia zaidi Windows, kwa sababu ndiyo iliyomo kwenye laptopu nyingi madukani kwetu. Wenye Mac na Ubuntu nimewawekea maneno machache huko mbele.

Kuwaka kuna zamu tatu

Ukibonyeza kitufe cha kuwashia, wa kwanza kuamka siyo Windows. Ni programu ndogo iliyohifadhiwa kwenye chipu ndani ya mashine, ambayo wengi wanaijua kwa jina lake la zamani, BIOS. Ya siku hizi rasmi inaitwa UEFI, lakini hata watengenezaji wenyewe bado wanasema BIOS, nasi tuendelee hivyo hivyo. Kazi yake ni kukagua vifaa: RAM ipo, kibodi ipo, diski ipo. Kisha hutafuta mahali ulipo mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoziendesha nyingine zote, na kuuachia kazi. Wakati huu wewe unaona nembo ya mtengenezaji tu.

Zamu ya pili ni ya Windows yenyewe, inayosomwa kutoka kwenye diski hadi pale unapoulizwa nenosiri. Zamu ya tatu huanza ukishaliandika. Picha ya mbele inatokea, vialama vinajipanga, unadhani umefika. Kumbe nyuma ya kioo kuna programu kadhaa zilizojiandikisha ziamke pamoja na Windows, na kila moja inataka kuhudumiwa sasa hivi. Unabofya Word, kishale kinazunguka. Kwa mtu anayesubiri, zote tatu ni "laptopu haiwaki haraka". Kwa anayetafuta dawa, ni magonjwa matatu tofauti.

Kwa hiyo chukua simu, fungua kipima muda, uandike namba tatu kwenye karatasi:

1. Kutoka kubonyeza kitufe hadi vidoti vya Windows vinapoanza kuzunguka.
2. Kutoka vidoti hadi kuulizwa nenosiri.
3. Kutoka nenosiri hadi uweze kufungua programu unayoitumia kila siku na kuandika sentensi moja bila kukwama.

Pima asubuhi, mashine ikiwa ilizimwa usiku kucha, na urudie siku ya pili. Laptopu yenye diski ya kisasa na isiyo na tatizo kwa kawaida hukufikisha kwenye nenosiri ndani ya nusu dakika, nyingine hata chini ya sekunde 15. Ikifika dakika moja na zaidi, kuna jambo. Namba ya kwanza ikiwa ndiyo kubwa, tatizo liko kabla ya Windows. Ya pili ikiwa kubwa, ishuku diski. Ya tatu ikiwa kubwa, na hii ndiyo hutokea mara nyingi kuliko zote, zishuku programu zilizojiandikisha, au RAM ndogo, au siku za mwanzo tu.

Siku za mwanzo na habari ya bando

Laptopu iliyo dukani inaweza kuwa imekaa kwenye boksi miezi mingi. Ukiiunganisha na intaneti mara ya kwanza, inagundua kwamba imepitwa na mengi. Inaanza kupakua masasisho, yaani zile "apdeti", ya Windows na ya draiva, ambazo ni programu ndogo zinazoiwezesha Windows kuelewana na kioo, spika, Wi-Fi na kadhalika. Papo hapo inatengeneza orodha ya mafaili yako ili ukitafuta kitu ikupatie upesi, kinga yake ya virusi inapitia diski nzima, na kama umeingia kwa akaunti ya Microsoft, OneDrive nayo inaanza kubeba mafaili yako kuyapeleka mtandaoni. Kwa mwenye intaneti ya nyumbani isiyo na kikomo, msukosuko huu huisha ndani ya siku moja au mbili, na mashine inatulia yenyewe.

Kwetu mambo huenda vingine. Chukua mfano wa mwanafunzi wa chuo anayetumia hotspoti ya simu. Anawasha data kwa dakika ishirini, anatuma kazi ya mwalimu, anazima. Ameweka pia mpangilio wa "Metered connection" ili bando lisiliwe, na hapo Windows inazuia upakuaji mwingi. Halafu anafunika mashine na kuondoka. Kila kazi ya siku za mwanzo inaanza na kukatizwa, inaanza na kukatizwa, na kila akiwasha zinarudi kujaribu tena. Mashine ambayo ingetulia Jumanne bado inahangaika mwezi wa pili.

Kuna jambo jingine wengi hawalijui. Windows ina ratiba ya matengenezo yake ya ndani, na isipobadilishwa imepangwa kufanyika saa nane usiku, mashine ikiwa imewashwa, iko kwenye chaji na haitumiki. Laptopu inayozimwa kila jioni haifiki saa nane usiku hata siku moja. Hufanya matengenezo hayo baadaye inapopata upenyo, na huo upenyo huwa ni wakati wako.

Dawa yake ni usiku mmoja tu. Tafuta mahali penye Wi-Fi nzuri, kwa ndugu au ofisini kwa ruhusa. Chomeka chaja, zuia isilale kwenye mipangilio ya umeme, fungua "Windows Update" na ubofye kutafuta masasisho. Ikimaliza iwashe upya na utafute tena, maana mengine hayajitokezi mpaka yale ya kwanza yamekaa. Rudia mpaka iseme imekamilika, halafu iache imewaka hadi asubuhi. Kabla hujafanya hivyo, vipimo vyako vya muda havina maana sana.

Abiria wa asubuhi

Sasa tuje kwenye zamu ya tatu. Pata picha ya daladala la asubuhi kituoni Mbagala: mlango mmoja, watu thelathini, kila mmoja ana haraka. Si kwamba gari ni bovu au dereva hajui. Wangepanda mmoja mmoja wangeingia wote kwa muda mfupi, lakini wanasukumana. Programu zinazojiwasha zinafanya hivyo hivyo kwenye diski na prosesa.

Laptopu mpya huja na abiria ambao hukuwaita. Mtengenezaji ameweka programu zake za kusajili mashine, za kukukumbusha dhamana, za kutafuta draiva, pengine na antivirusi ya majaribio ya siku 30. Baada ya hapo wewe mwenyewe unaongeza wengine bila kujua: Teams, Spotify, Steam, Discord na programu za printa nyingi zikishasakinishwa hujiandikisha kuwaka na Windows bila kukuuliza vizuri.

Kuwaona ni rahisi. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Kitafunguka chombo kiitwacho Task Manager, ambacho ni daftari la yote yanayoendelea ndani ya mashine. Upande wa kushoto chagua "Startup apps". Utaona orodha, na mbele ya kila programu kuna makadirio ya mzigo wake wakati wa kuwaka: "High", "Medium" au "Low". Makadirio haya yana kipimo. "High" ni programu iliyotumia zaidi ya sekunde 1 ya prosesa, au kusoma na kuandika zaidi ya MB 3 kwenye diski wakati wa kuwaka. "Low" haifiki hata theluthi moja ya sekunde na KB 300. Ukikuta "Not measured", programu bado ni ngeni. Rudi kuitazama baada ya kuwasha mara nyingine.

Ukiona usiyoihitaji kila asubuhi, ibofye kwa kitufe cha kulia na uchague "Disable". Hujaifuta. Ipo, na ukiibofya mwenyewe itafunguka kama kawaida. Hofu ya kuharibu kitu ndiyo inayowafanya watu waiache orodha nzima ilivyo, na hofu hiyo hapa haina msingi mkubwa, kwa sababu ukijutia unarudi na kuchagua "Enable".

Mimi huanza hivi:

- Namwacha yeyote anayehusu usalama, sauti, na padi ya kugusa.
- Naacha OneDrive au Google Drive kama kweli mwenye mashine anaitumia. Wengi hawaitumii, ila imo tu.
- Nazima programu za mazungumzo, muziki, michezo na mikutano.
- Nazima visaidizi vya printa. Printa itachapa bila hivyo.
- Jina nisilolifahamu nalitafuta kwanza mtandaoni kabla ya kuligusa.

Antivirusi inahitaji aya yake. Windows ina kinga yake ya ndani, na ukisakinisha nyingine ile ya ndani hujiweka pembeni. Tatizo linakuja pale laptopu ilipotoka kiwandani na antivirusi ya majaribio, muuza duka akaongeza ya kwake kama "ofa", na kila moja inataka kukagua kila faili kabla halijafunguliwa. Faili moja linakaguliwa mara mbili, kila asubuhi. Baki na moja. Kama huna mpango wa kulipia ile ya majaribio, iondoe kabisa na uiachie kazi kinga ya Windows. Kwa matumizi ya nyumbani na shuleni inatosha, mradi masasisho yanaingia.

*Kwa ufupi: maliza masasisho yote kwanza, kisha punguza orodha ya "Startup apps", kisha pima tena. Laptopu mpya nyingi zilizoletwa kwa fundi zingeishia hapa.*

Kitendawili cha kuzima

Huenda umeona jambo la ajabu: ukiizima kwa "Shut down" na kuiwasha, inawaka upesi, ukichagua "Restart", inachukua muda mrefu zaidi. Kwa akili ya kawaida ingekuwa sawa.

Tangu Windows 8, iliyotoka mwaka 2012, kuna kitu kinachoitwa "Fast startup". Ukichagua "Shut down", Windows inazifunga programu zako, lakini kiini chake chenyewe hakifungwi. Kinahifadhiwa kama kilivyo kwenye faili ndani ya diski, na kesho yake kinasomwa kutoka humo badala ya kujengwa upya. "Restart" haipiti njia hiyo ya mkato. Inajenga kila kitu kuanzia mwanzo. Ndiyo maana hitilafu ndogo inayokuudhi siku tatu mfululizo, ingawa umeizima mashine kila usiku, inaondoka ukifanya "Restart" mara moja.

Unaweza kuthibitisha. Kwenye Task Manager, sehemu ya "Performance", chagua CPU na utazame "Up time". Mtu anayezima kila jioni anaweza kukuta imeandikwa siku tisa.

Kwa laptopu nyingi njia hii ya mkato inasaidia, na sina ugomvi nayo. Lakini ikiwa mashine inawaka vizuri kwa "Restart" na inakwama ikitoka kwenye "Shut down", huenda kuna draiva isiyopenda kuamshwa kwa namna hiyo. Ijaribu: shikilia Shift unapobofya "Shut down", na mashine itazimika kikamilifu. Ikiwaka vizuri baada ya hapo, umempata mhalifu. Sasisha draiva kutoka tovuti ya mtengenezaji, au zima "Fast startup" ndani ya Control Panel, kwenye "Power Options", pale panapochaguliwa kazi ya vitufe vya umeme.

Na wale wanaozima kwa kukandamiza kitufe mpaka kioo kiwe cheusi, waache. Safari inayofuata Windows haina faili la kusoma, inajengwa upya, na wakati mwingine inaikagua diski kwanza kwa hofu kwamba kuna kilichokatika katikati ya kuandikwa.

Diski, mahali ambapo pesa yako ilienda au haikwenda

Kama namba ya pili kwenye karatasi yako ndiyo kubwa, hapa ndipo pa kutua kwa muda.

Madukani, lebo ya "TB 1" inauza kuliko lebo ya "GB 256". Namba ni kubwa zaidi, na muuzaji hana haja ya kueleza. Lakini ile TB 1 ya bei nafuu mara nyingi ni HDD, diski ya sahani zinazozunguka huku mkono mdogo ukisogea juu yake kusoma. Ile GB 256 ni SSD, ambayo haina kinachozunguka. Ni chipu tupu.

Tufanye hesabu. HDD ya laptopu kwa kawaida huzunguka mara 5,400 kwa dakika, sawa na mara 90 kwa sekunde. Mzunguko mmoja ni kama milisekunde 11, na milisekunde moja ni sehemu ya elfu ya sekunde. Kipande cha data unachokitaka kinaweza kuwa popote kwenye sahani, kwa hiyo kwa wastani unasubiri nusu mzunguko, milisekunde tano na nusu hivi. Ongeza muda wa mkono kusogea hadi mstari wake, kama milisekunde 10. Jumla ni milisekunde 15 na kidogo kwa kila kipande, yaani vipande sitini na kitu kwa sekunde. Windows ikiwaka inasoma mafaili madogo mengi sana yaliyotawanyika. Tuseme kwa mfano vipande 3,000: hapo tu umekaa karibu sekunde 50, na bado abiria wa zamu ya tatu hawajaanza kusukumana. SSD haina sahani ya kusubiri wala mkono wa kusogeza. Inasoma vipande kama hivyo kwa maelfu katika sekunde moja.

Ndiyo sababu prosesa mpya kabisa ikiwekewa HDD inashindwa na laptopu ya miaka saba iliyowekewa SSD. Hakuna programu wala fundi wa kuzifanya sahani zizunguke haraka kuliko zilivyoundwa.

Kuna aina ya tatu, eMMC, inayowekwa kwenye laptopu ndogo za bei ya chini, nyingi zikiwa na GB 64 au 128. Ni chipu kama SSD, ila ni ya mwendo mdogo, na imechomelewa kwenye ubao wa mashine, hivyo huwezi kuibadilisha kesho. GB 64 ndicho kiwango cha chini kabisa ambacho Windows 11 inakikubali. Weka Windows, weka masasisho, weka Office, na utabaki na nafasi ya kubanana, na diski iliyojaa haisasishiki vizuri.

Kujua uliyonayo: Task Manager, "Performance", "Disk 0". Pameandikwa HDD au SSD. Ukiwa hapo tazama pia asilimia dakika mbili za kwanza baada ya nenosiri. HDD inayokaa kwenye 100% huku prosesa ikiwa kwenye 15% imekwisha kukupa jibu.

Kama ni HDD na mashine ina nafasi ya kuibadilisha, kuweka SSD ndiyo fedha utakayoitumia vizuri kuliko yoyote kwenye laptopu hiyo. Uliza tu kwanza kama kuifungua kunaua dhamana.

RAM tunaweza kuimaliza upesi. Ni nafasi ambayo programu zilizofunguliwa zinakaa wakati zinafanya kazi. Windows 11 inakubali kusakinishwa kwenye GB 4, lakini kukubali si kustawi: ikishajaa, Windows inahamishia ziada kwenye diski, na kama diski hiyo ni HDD au eMMC, unarudi kwenye hesabu ya hapo juu. Fungua "Memory" kwenye Task Manager mara tu baada ya kuwasha. Ukikuta zaidi ya robo tatu imeshachukuliwa kabla hujafungua kitu, hiyo RAM haikutoshi. Siku hizi nisingenunua chini ya GB 8.

Mpya kwako, au mpya kweli?

Kwenye masoko kama Kariakoo na Luthuli Avenue kuna laptopu za boksi na kuna zilizofanya kazi kwenye ofisi za Ulaya, zikasafishwa, zikavishwa boksi safi. Hakuna ubaya kwenye hizo za pili. Nikilazimika kuchagua kati ya laptopu ya ofisi iliyotumika yenye SSD na GB 8, na mpya kabisa yenye eMMC na GB 4 kwa bei ile ile, nachukua iliyotumika bila kufikiri mara mbili. Ubaya ni kuuziwa ya pili kwa jina la ya kwanza.

Diski inajihesabia saa. Programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo inaonyesha "Power On Hours", saa ambazo diski imekuwa ikiwaka tangu kiwandani. Laptopu ya ofisini inayowaka saa 8 kwa siku, siku 250 kwa mwaka, inakusanya saa 2,000. Ukikuta 9,000 kwenye mashine "mpya", hiyo imekula miaka minne na ushei mahali fulani. Ukikuta saa chache, mashine yenyewe inaweza kuwa mpya, au imebadilishiwa diski, kwa hiyo iulize na betri: fungua Command Prompt, andika `powercfg /batteryreport`, na utatengenezewa ripoti inayolinganisha ujazo wa betri ilipotoka kiwandani na ujazo wake wa leo. Betri ya mashine mpya haipotezi robo ya ujazo wake dukani.

CrystalDiskInfo inatoa pia hali ya afya ya diski. Ikiandika "Caution", nakili mafaili yako leo hii kabla ya kuendelea kusoma. Diski inayoanza kufa hurudia kusoma kipande kile kile mara nyingi hadi kikubali, na dalili ya kwanza unayoiona wewe ni kuwaka polepole.

Kabla hata Windows haijaamka

Namba ya kwanza kubwa ni ya nadra zaidi. Kwenye ukurasa ule ule wa "Startup apps", juu kulia, mashine nyingi huonyesha "Last BIOS time", sekunde zilizotumika kabla ya Windows. Chini ya 10 ni nzuri sana, na hata 15 si ya kugombania.

Ikizidi sana, chomoa kila kitu: flashi, diski ya nje, modemu ya USB, kadi ya kumbukumbu. BIOS ikikuta kifaa inaweza kujaribu kuona kama kina mfumo endeshi wa kuwashia. Modemu za USB ni wakosaji wa kimyakimya, kwa sababu nyingi zinajitambulisha pia kama CD yenye programu ya kusakinishia. Ikiwa bado, ingia kwenye BIOS (mara nyingi kwa F2 au Delete wakati wa kuwasha) na uangalie mpangilio wa vifaa vya kuwashia. Diski ya ndani iwe ya kwanza, na kuwasha kupitia mtandao kuzimwe kama huhitaji.

Laptopu zenye RAM ya aina ya DDR5 zinaweza kukaa na kioo cheusi kwa dakika kadhaa siku ya kwanza kabisa, au baada ya kubadilishwa RAM. Zinajipimia RAM. Usikandamize kitufe, subiri.

Mtengenezaji anaweza kuwa ametoa toleo jipya la BIOS linalotibu uchelewaji. Lisakinishe betri ikiwa imejaa na chaja imechomekwa, wala usianze kama umeme wa LUKU uko ukingoni. BIOS ikikatika katikati ya kuandikwa, laptopu inaweza isiwake tena kabisa.

Dawa za uongo

Zipo programu zinazojiita za kuongeza kasi, za kusafisha "registry", za kuamsha RAM. Nyingi zinajiandikisha kwenye "Startup apps", yaani umeongeza abiria ili kupunguza msongamano. Sina hata moja ninayoipendekeza.

Kuna pia ushauri unaozunguka kwenye video: fungua `msconfig`, weka alama kwenye idadi ya prosesa, chagua namba kubwa. Windows inazitumia prosesa zote tangu zamani bila kuambiwa. Sehemu hiyo imewekwa kwa wanaojaribu programu, ili waweze kuzipunguza. Ukikosea namba, umejipunguzia mwenyewe.

Na kupiga Windows: kunatibu kweli baadhi ya matatizo, lakini kwa laptopu mpya kunakuja na gharama isiyotajwa. Mashine iliyouzwa na leseni ya toleo la Home huiwasha leseni hiyo yenyewe ukisakinisha Home tena. Fundi akiweka Pro, leseni hailingani, na hapo ndipo hutumika kile kiprogramu cha kuvunja kufuli, ambacho kwanza unaambiwa uzime kinga ya virusi ili kipite. Umetoka na laptopu mpya halali, umerudi na ya kuibia.

Mac na Ubuntu

Kwenye Mac, orodha ya abiria iko "System Settings", kisha "General", kisha "Login Items". Kwenye Ubuntu, fungua kidirisha cha amri na uandike `systemd-analyze`. Itakupa muda wa kila zamu kwa sekunde. Ukiongeza neno `blame` mbele yake, itakupangia huduma zote kuanzia iliyochukua muda mrefu zaidi. Natamani Windows nayo ingesema wazi hivyo.

Lini uirudishe dukani

Irudishe bila kujilaumu kama baada ya masasisho yote na orodha kupunguzwa bado namba ya kwanza ni kubwa bila kifaa chochote kuchomekwa. Kama CrystalDiskInfo inasema "Caution" au "Bad". Kama diski inatoa sauti ya kugonga. Au kama uliandikiwa SSD kwenye risiti na Task Manager inasema HDD.

Nenda na karatasi ya vipimo vyako, picha ya kurasa hizo za Task Manager na CrystalDiskInfo, na risiti yenye jina la modeli na namba ya mashine. Kwa Tanzania iwe risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, siyo kipande cha karatasi chenye muhuri. Usikubali ifunguliwe skrubu kwa fundi wa jirani kabla hujaonana na muuzaji, kwa sababu stika ya dhamana ikichanika hoja yote inahama kutoka kwenye diski na kwenda kwenye stika. Na kabla ya kuikabidhi, nakili mafaili yako na utoke kwenye akaunti zako zote. Wakikubali kosa ni lao, huenda ukaondoka na mashine nyingine, na hiyo ya kwanza hutaiona tena.